Asisogee Mtu, Ganda Halijaonekana

Jina lake siliandiki. Si siri, Mashewa nzima wanamjua, na ukishuka stendi ya Korogwe ukamuulizia Mnyapara mwenye bunduki, watu watacheka kwanza halafu ndipo wakuonyeshe njia. Siliandiki kwa sababu mwenyewe hakupenda kuitwa jina. Alisema jina ni la kuitwa na mama, na mama yake alishafariki, kwa hiyo sisi wengine tumwite kwa kazi. Kazi yake ilikuwa unyapara kwenye shamba la mkonge. Mkonge ule ulishageuka pori, yeye mwenyewe alishastaafu, lakini unyapara wenyewe ulikataa kustaafu.

Mimi nina mashine ya kusaga pale Chanika, Handeni, na shamba la mahindi Mashewa lililopakana na lake. Shule niliishia darasa la tatu. Mengine nimejifunza kwa kubeba magunia mgongoni mpaka nikawa na magunia yangu. Nasema hivi mapema ili mtu asije akatafuta maneno ya kupambwa hapa. Nitasema nilichokiona. Kwa Mnyapara nimekula, kwa Mnyapara nimefukuzwa, na nimesimama nyuma yake akipiga bunduki mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai. Mbele yake sijawahi kusimama, na nitaeleza kwa nini.

Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja. Watoto wake walishasoma, nyumba ya bati ilishasimama, mkewe alishamzoea. Kilichobaki ni kuangusha nguruwe pori, hata mmoja, kwa bunduki ile aliyoichagua mwenyewe, kabla macho yake hayajaisha. Basi. Ukimwona amenuna, sababu ni hiyo. Ukimwona anacheka, ujue kuna mtu amemwambia nguruwe wameonekana.

Bunduki yenyewe aliiona kwanza ukutani. Alipokuwa bado kijana wa kukata mkonge, gari la sinema lilikuwa linakuja kambini mara mojamoja, wanatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala, wafanyakazi wote wanakaa chini. Siku hiyo palikuwa na Mzungu mwenye kofia juu ya farasi, ameshika bunduki yenye mkono wa chuma kwa chini, kama kitanzi. Anafyatua, anausukuma mkono chini na kuurudisha, kracha-kracha, ganda la risasi linaruka, anafyatua tena.

"Na kofia haidondoki!" Mnyapara alikuwa akinisimulia, kila mara kwa mshangao uleule. "Mashine, farasi anakimbia, risasi zinatoka, kofia iko palepale!"

Mashine ndiyo mimi. Alinipa jina la mali yangu.

Mambo mengine ya sinema ile hakuyajua. Hakujua mwema ni nani, mbaya ni nani, wala kwa nini wanafukuzana. Alichobaki nacho ni mkono wa chuma na kofia.

Alipostaafu, wenzake walipeleka kiinua mgongo kwenye ng'ombe na mabati. Yeye akaanza kufuatilia kibali cha silaha. Nguruwe walikuwa wanatumaliza kweli kule Mashewa, unalala una shamba, unaamka una uwanja wa mpira, kwa hiyo kijiji kilimwunga mkono haraka. Polisi wakampiga picha, wakamchukua alama za vidole, wakamuuliza kama ana ugomvi na mtu.

"Nilikuwa mnyapara," akawajibu. "Nina ugomvi na kila mtu. Lakini bunduki ni ya nguruwe."

Kibali kikatoka. Nadhani waliona mtu anayesema hivyo hawezi kuwa mwongo.

Dar es Salaam tulikwenda wote, maana alisema kitu kikubwa namna hiyo kinataka shahidi. Muuza silaha akatuwekea mezani bunduki yenye mbao nyekundu, chuma cheusi, na mkono wa chini kama alivyoota.

"Ila mzee, hii si ya zamani," muuzaji akasema, na namsifu kwa ukweli wake. "Imetengenezwa juzijuzi huko Ulaya, kwa kuiga ile ya zamani."

"Kwa hiyo ni kuukuu au mpya?"

"Mpya. Imefanywa tu ifanane na kuukuu."

"Na ile kuukuu yenyewe iko wapi?"

"Ziko makumbusho, mzee."

Mnyapara akanigeukia. "Mashine, unasemaje?"

Nikamwambia bila kuzunguka. Kitu kipya kinachojifanya kizee ni kama kijana anayefuga ndevu ili aamkiwe shikamoo. Achukue bunduki ya kawaida, yenye risasi zinazopatikana, turudi nyumbani kabla jua halijawaka. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaushika ule mkono wa chuma, akausukuma, akaurudisha. Kracha-kracha. Nilipomwona uso nikajua kwamba kama shahidi nilikuwa na kazi, ila kama mshauri nilikuwa nimekula nauli bure.

Njiani kurudi tukapatana kwa mdomo. Yeye ni Mwislamu. Nguruwe hamli, na akishakufa hataki hata kumgusa kwa fimbo. Mimi babu yangu aliletwa na manamba kutoka mbali, ukoo wetu ukabatizwa hukuhuku kwenye mkonge, na kitimoto kwetu si dhambi. Kwa hiyo ikawa hivi: yeye ataua, mimi nitaburuta. Nyama yote yangu, sifa zote zake. Tulipofika Korogwe nikashuka nikanunua kisu kikubwa cha kuchunia. Kisu hicho mpaka leo kinakata vitunguu.

Mashewa walimpokea kwa heshima kama wiki moja hivi. Halafu wakamwona anavyofanya mazoezi barazani, bunduki tupu, kracha-kracha, kracha-kracha, asubuhi nzima. Wanawake wanaopita kwenda kisimani wakaiita Pampu.

"Shikamoo Mnyapara. Maji yametoka?"

"Marahaba. Piteni."

"Tulete ndoo?"

"Piteni nimesema!"

Alijifanya amekasirika, lakini wakichelewa kupita alikuwa anasogeza kiti mbele kidogo ili waone vizuri.

Sasa tuje kwenye risasi, maana hapo ndipo shida yote ilipokaa. Bunduki ile inakula risasi yake peke yake, na risasi yenyewe ni ya kuagizwa. Unaweza kungoja mpaka mahindi yapandwe na kuvunwa hujaambiwa kama meli imefika. Mnyapara akachoka kungoja. Akagundua kwamba ganda la shaba likishapigwa halifi. Unaweza kulijaza tena. Watu wasidhani alifanya kwa kujificha. Aliwasumbua polisi mpaka wakamwandikia kibali cha hilo nalo, nimekiona, kina muhuri. Afisa aliyekitia sahihi alimwambia, "Mzee, nakupa ili nipumzike."

Siku ya kujaza ilikuwa siku ngumu kwa nyumba ile. Kwa sababu ya baruti, moto ulikuwa marufuku tangu alfajiri. Si jiko, si kibatari, hata mgeni mwenye sigara anasimamishwa barabarani. Mkewe anapika jana yake, wanakula kiporo cha baridi.

"Karibu shemeji," alikuwa akiniambia nikifika. "Leo tumefunga swaumu ya bunduki. Chai utakunywa kesho."

Mnyapara anakaa chini kwenye mkeka, miguu ameikunja, mizani ndogo ya sonara mbele yake, na maganda yamesimama mstari mbele ya goti. Mnapokaa hapo hamruhusiwi kupiga chafya. Analichukua ganda moja moja, analigeuza kwenye mwanga, analichungulia mdomo kama alivyokuwa akikagua mafungu ya mkonge. Nimewahi kuwasikia wazee waliokata mkonge chini yake. Wanasema alikuwa mtu wa kukataa fungu zima kwa sababu ya jani moja fupi, na mkataji akilalamika, anakataa na la pili. Mtu huyohuyo, akiona ganda limepata ufa, alikuwa analisugua kwa kidole gumba na kuliambia, "Haya, pumzika. Umefanya kazi." Analiweka kwenye kopo la wastaafu. Binadamu waliostaafu chini yake hawakuambiwa maneno hayo, na nilimwambia hivyo.

"Binadamu ana mdomo wa kudai," akanijibu. "Ganda linakaa kimya."

Kusafisha maganda nako kulikuwa na mambo yake. Yakishapigwa yanakuwa meusi. Yule muuza silaha wa Dar alimwambia kwamba wenye utaalamu wanayatia kwenye chombo pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, wanayatikisa na mtambo wa umeme mpaka yang'ae. Magunzi sisi tunayo, tunawashia moto. Mtambo hatuna. Basi akanijia Chanika, akaomba nimsagie magunzi kwenye mashine yangu. Nikamsagia, na wateja wangu wakala unga wenye ladha ya gunzi siku mbili. Halafu akayatia yale magunzi kwenye galoni, akatia na maganda, akafunga, akalifunga galoni nyuma ya pikapu yangu kwa kamba ya katani.

"Nenda Korogwe urudi," akasema.

"Nikafanye nini Korogwe?"

"Ukatikisike."

Barabara ya Handeni kwenda Korogwe wakati huo ilikuwa makorongo matupu, unafika meno yakiwa yamebadilishana nafasi. Nilikuwa na mzigo wa kupeleka hata hivyo, nikaenda, nikarudi. Tulipofungua galoni, maganda yaling'aa kama bangili za bibi harusi. Tangu siku hiyo kila nikisafiri nilikuwa na abiria nyuma.

Halafu serikali ikaweka lami. Wilaya mbili zilishangilia. Mimi springi zangu zilishangilia. Mnyapara peke yake alisimama kando ya barabara mpya, akaipiga kwa kisigino, akasema, "Wameharibu." Safari ya kwanza kwenye lami maganda yalirudi meusi kama yalivyoondoka. Alinilaumu mimi, eti naendesha kwa upole. Mwishowe ikabidi galoni niwe nalifunga nikienda Mashewa tu, ambako makorongo bado yako salama.

Mtu akisikia habari za kujaza risasi anaweza kudhani Mnyapara alikuwa na risasi nyingi. Hapana. Alikuwa na maganda machache, na kila moja alilijua. Ndiyo maana uwindaji wake haukufanana na uwindaji wa mtu mwingine yeyote. Nguruwe wanaanza kutoka vichakani jua linapozama. Tunakaa kimya pembezoni mwa mahindi, yeye mbele, mimi nyuma na kisu changu. Nguruwe anatokea. Mnyapara anafyatua, buu! anavuta mkono, kracha-kracha, ganda linarukia nyasini. Hapo mwindaji mwingine angepiga tena, au angemkimbilia nguruwe. Mnyapara anapiga kelele ya kinyapara iliyokuwa inasikika mkonge mzima:

"Asisogee mtu! Ganda halijaonekana!"

Na hakuna anayesogea, maana ukilikanyaga ganda likapondeka mdomo, utamkoma. Nguruwe anaondoka zake kwa hatua za mtu anayetoka sokoni. Wakati mwingine anasimama, anageuka kututazama sisi wazee wawili tumeinama tunapapasa majani kwa tochi.

"Vuta huo mkono polepole," nilimwambia siku moja. "Ganda litakudondokea kiganjani, mambo yaishe."

Akaniangalia kwa huruma kabisa. "Mashine, yule bwana wa farasi ulimwona anavuta polepole?"

"Mimi sikuwepo."

"Basi nyamaza."

Sasa nieleze kwa nini sikuwahi kusimama mbele yake, na kwa nini nguruwe wote walikuwa wazima wa afya. Mnyapara alikuwa anauogopa mlio. Mtu aliyewatetemesha wakata mkonge, ambaye nyoka alikuwa anamwondoa njiani kwa mguu, bunduki yake mwenyewe ilikuwa inamtisha. Kidole kikianza kubonyeza, macho yote mawili yanafumba, uso unakunjamana kama wa mtu anayemeza kwinini. Nilimwambia usoni.

"Mnyapara, unafumba macho."

"Nafumba baada ya kupiga. Moshi."

"Unafumba kabla."

"Wewe uko nyuma yangu, macho yangu umeyaonaje?"

"Masikio yako yanapanda juu. Mtu akifumba macho kwa nguvu masikio yanapanda."

Akaenda nyumbani akachukua kioo cha mkewe, akafumba, akafumbua, akatazama masikio. Kesho yake hakunisalimia. Kesho kutwa alinisalimia, lakini habari ya macho hatukuirudia tena, na nguruwe waliendelea kuzaana.

Moja ya maganda yale lilipotea kweli. Tulitafuta siku tatu, mpaka tukachoma nyasi. Baadaye Mnyapara akaenda kwenye boma la Wamasai upande wa pili wa korongo kuulizia ndama, akamkuta mzee mmoja wa pale anagonga ugoro kutoka kwenye kikopo cha shaba kilichozibwa kwa ngozi. Akalitambua kabla hajajibiwa salamu.

"Mzee mwenzangu, hilo ganda ni langu."

"Mimi nimeokota," Mmasai akasema. "Kama yako, kwa nini uliitupa?"

"Sikulitupa. Limeruka."

"Kitu ikiruka ikaenda, imekukataa hiyo."

Mnyapara akaanza kutoa bei. Alimwahidi kikopo kipya cha dukani, akamwahidi kuku. Mmasai akasema kikopo cha dukani kinaharibu ugoro, na kuku ni ndege. Basi mambo yakaishia hapo, ila kila baada ya siku chache Mnyapara alikuwa anavaa kanzu safi na kuvuka korongo.

"Unakwenda wapi?" namuuliza.

"Kuliangalia ganda langu. Nisijue anavyolitunza?"

Wakawa marafiki wakubwa. Nilipokwenda naye niliwakuta wamekaa kimya, ganda katikati yao, kila mmoja akilitazama kama mtoto waliyezaa pamoja.

Kutafuta ganda peke yetu kulitushinda, kwa hiyo Mnyapara akaweka zawadi. Atakayeliona ataruhusiwa kuuvuta ule mkono mara moja, bunduki ikiwa tupu. Hamtaamini. Watu waliokuwa wanacheka Pampu wakaanza kuja jioni na tochi, wanaume kwa wanawake, wakisikia buu! wanatoka majumbani mbio. Kina mama wa kisimani wakaja. Mwenyekiti wa kitongoji akaja, akaliona ganda, akavuta mkono, kracha-kracha, akaomba arudie, akanyimwa. Pembezoni mwa mashamba yetu kila jioni kukawa na tochi na vicheko na watu wanasukumana kama kwenye harusi.

Msimu ule nguruwe hawakuingia. Halikuvunjwa hata bua moja. Nguruwe gani atakuja kula mahali penye umati? Mahindi yalivunwa mpaka magunia yakakosekana, na kwenye mkutano wa kitongoji mwenyekiti akasimama.

"Ndugu zangu, kabla ya yote tumshukuru mzee wetu Mnyapara na bunduki yake. Mwaka huu hatukuliwa."

Watu wakapiga makofi. Mnyapara akasimama taratibu, kofia mkononi.

"Mwenyekiti, nimeua nguruwe gani?"

"Hakuna, mzee. Lakini wamekimbia."

"Wamekimbia tochi. Tochi hata mke wangu anayo. Siku nikiua, nishukuruni. Leo msinishukuru."

Akakaa. Watu walidhani anajishusha kwa adabu. Mimi nilikuwa nimekaa karibu, nikajua ana hasira ya kweli. Mtu anapewa heshima ya kitongoji kizima, naye anaikataa kwa sababu si ile aliyoiomba. Nilimwona mjinga siku ile. Bado namwona mjinga kidogo.

Nafasi aliipata mara moja tu. Jioni hiyo tulikuwa wawili, watu walikuwa msibani. Akatoka dume kubwa, ubavu wote umetugeukia, karibu kiasi kwamba unasikia anavyotafuna. Akasimama. Hata upepo ulikuwa upande wetu. Mnyapara akainua bunduki. Nilimtazama masikio: hayakupanda. Macho yalikuwa wazi, naapa. Nikashika kisu. Nikaanza kuwaza nyama nitaikausha wapi.

"Piga," nikanong'ona.

Bunduki haikulia.

"Mnyapara, piga!"

Akateremsha bunduki. "Nyasi," akasema.

"Nyasi zimefanya nini?"

"Hapa zimefika kiunoni. Likirukia humo, hatulioni tena."

Nilimtukana. Nasema wazi, nilimtukana kwa Kiswahili, na yeye akanijibu kwa Kizigua, na dume likatusikiliza kidogo, likaondoka. Mtu hataki kitu kingine duniani ila nguruwe, nguruwe anamjia na kumsimamia ubavu, anamwacha kwa ajili ya kipande cha shaba! Tulirudi kila mmoja kwa njia yake. Mkewe aliniambia baadaye kwamba usiku ule hakula.

Baada ya hapo macho yakaanza kwenda. Kwanza akawa ananisalimia mimi kwa jina la watu wengine, halafu akawa anasalimia miti. Mtoto wa jicho, wakasema, na gonjwa jingine nyuma ya mtoto wa jicho ambalo halifanyiwi upasuaji. Binti yake akamhamishia kwake Masuguru, mjini Korogwe. Bunduki akaenda nayo, imefungwa kwenye khanga ya mkewe, lakini haikuwa ya kupiga tena.

Mara ya mwisho kukaa naye siku nzima ni baada ya mavuno ya mwaka jana. Nilikuwa nimeleta mahindi Korogwe, nikapita Masuguru kumwamkia. Nikamkuta amevaa, amekaa kwenye kiti, bunduki mapajani.

"Shikamoo Mnyapara."

"Marahaba, Mashine. Umechelewa. Twende polisi."

"Nimefanya nini?"

"Wewe hujafanya kitu. Naisalimisha. Kibali kinakwisha, na mimi nikiulizwa hapo mbele kuna nini nitasema kuna ukungu. Sitaki waje kunichukulia kama mwizi. Nitaipeleka mwenyewe."

Tukapanda bajaji. Bunduki aliipakata njia nzima.

Kaunta palikuwa na binti wa kipolisi, mpole, akatuamkia wote wawili, akaipokea ile bunduki, akaikagua kuwa ni tupu, akaisifu. Kwenye benchi nyuma yetu walikuwepo watu wanne watano wanasubiri shida zao, nao wakanyamaza kutazama. Akaandika alivyopaswa kuandika. Halafu, kwa kutaka tu maongezi na mzee, akauliza:

"Babu, hii umeulia nguruwe wangapi?"

Nilisikia benchi zima linasogea mbele. Mnyapara alishika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili. 

"Mmoja," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Halafu akageuza uso kunitafuta, akaukuta mlango. "Nina shahidi. Muulize huyu."

"Kweli mzee?" binti akaniuliza.

Mimi watu wananijua. Mteja akileta mahindi mabichi namwambia mbele ya wenzake. Mchungaji akihubiri vibaya namwambia mlangoni.

"Si kweli," nikasema.

Nikaona mabega ya Mnyapara yanashuka.

"Ni wawili," nikasema. "Mmoja mzee amemsahau. Umri, afande."

Benchi likaguna kwa heshima. Binti akacheka, akasema hongera babu, na Mnyapara akaachia kaunta, akasimama wima kama siku za mkonge. Tukatoka nje, mimi nimemshika kiwiko. Tulipofika kwenye kivuli cha ukuta akanivuta akanisimamisha.

"Wawili umewatoa wapi?"

"Palepale ulipomtoa wewe yule mmoja."

 Akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kifuani, mpaka akaegemea ukuta, mpaka askari wa getini akatoka kuangalia kama mzee anaumwa. Alipopata pumzi akapangusa macho yake yale mabovu.

"Wako alikuwa mkubwa?" akauliza.

"Hapana. Jike dogo tu."

"Wangu lilikuwa dume," akasema. "Meno hivi." Akanionyesha kwa mikono. "Mliliburuta wangapi?"

"Nililiburuta mwenyewe."

"Mwenyewe? Dume lile? Wacha uwongo, Mashine."

Nikafikiri kidogo.

"Tulikuwa wanne," nikasema. "Na kamba ilikatika."